Kompyuta Moja, Watu Wawili Wasiosalimiana

Assalaamu alaykum, mama zangu na dada zangu. Hebu itikieni kwa sauti nisikie. Naam. Nimefurahi, maana kuna mwaka nilikuwa nikiitoa salamu hii kwenye kijiji hiki hiki, na watu wanageuza nyuso wanatazama migomba. Wengine wenu mmekaa hapo mbele, nawaona. Bi Mwenyekiti kaniomba nieleze namna nilivyoanguka na nilivyoinuka, ili wale wanaotaka kuingia kwenye kikundi chetu hiki cha wanawake wapate moyo. Nikamwambia nitasema, lakini mie sina maneno ya asali. Kasema sema hivyo hivyo. Basi asije akanikatisha katikati.

Mnajua nyote baba yangu alikuwa nani. Alikuwa sheha, mkubwa wa serikali hapa kijijini, Mungu amrehemu, na sikuja kumtetea. Kuna watu wa chama cha pili walikwenda kwake kutaka kitambulisho cha ukaazi, ambacho ukikikosa hupigi kura, akasema si watu wa hapa, na hali amewaona wanazaliwa. Lilikuwa jambo baya. Nilimwambia usoni, akanijibu nikaangalie chungu kinaungua. Lakini mie sikuwa sheha, ndugu zangu. Nilikuwa mke wa mtu, nina mtoto wangu wa kike, nachambua karafuu msimu ukifika, kama nyie. Ukaja ule mwaka wa uchaguzi uliorudiwa, mkatususa nyumba nzima, mpaka paka.

Hamkutuuzia mkate. Gari akipanda mama yangu, nyie mnashuka. Khalati yangu, dada wa mama, alipofariki, kaburi walichimba wajomba peke yao, wazee wenye migongo mibovu, na vijana wa kijiji wamekaa barazani wanawatazama. Hilo sijalisahau na msinitake nilisahau. Na mume wangu akaambiwa na watu wa baraza yake achague, mke au wao. Akawachagua wao. Hakunipiga wala hakunitukana. Alinipa talaka yangu asubuhi, akenda zake kunywa kahawa na hao hao.

Nikarudi kwa baba na begi na mtoto. Nilikuwa na cheti changu cha fomu foo kimelala sandukuni. Binamu yangu mmoja akaniambia kuna chuo mjini Chake kinachukua watu wa kozi ya kutengeneza tovuti, kozi ya kuanzia, hata kama hujawahi kushika kompyuta. Nawaambia kweli, sikuwa na mapenzi na kompyuta. Nilichokipenda ni kwamba haina chama. Unaibonyeza, inaitika, haikuulizi baba yako nani. Baba akasema, "Nenda. Lakini ukishindwa utakuja kukaa ndani, sitaki watu wapate la kusema mara ya pili."

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yangu. Nilikuwa nimeshatolewa nyumba ya mume na kijiji kizima kinaangalia. Nikitolewa na chuoni pia, ningekaa ukumbini kwa baba yangu mpaka nizikwe, na wapo ambao wangefurahi.

Siku ya kwanza naingia chumba cha kompyuta, kumbe habari zangu zimenitangulia. Walikuwapo watu wa Msuka, wa Makangale, wa Gando, wa kila pahala, na wote washajua. Kompyuta zilikuwa chache, watu wawili wawili kwa moja. Kila nikivuta kiti, aliyekaa pembeni ananyanyuka. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Unguja, mkali, hana subira hata ya kusubiri kompyuta iwake. Akauliza kuna nini.

Mmoja akamjibu, "Huyo mwana wa sheha, ticha. Siye hatukai naye."

"Mimi nafundisha HTML," mwalimu akasema. "Mambo yenu ya barazani yaacheni barazani."

Akatuuliza kila mtu anatoka wapi. Alipofika kwa mwanamke mmoja na kusikia anatoka kijiji kimoja na mie, uso ukamng'ara. Akatuweka pamoja, akidhani kanifanyia hisani! Maskini, hajui. Mwanamke yule ni dada wa mmoja wa hao walionyimwa kitambulisho na baba yangu. Katika darasa lote lile, hakuna aliyekuwa na haki ya kunichukia kama yeye.

Akakaa, kwa sababu mwalimu kasimama juu ya kichwa chake. Akavuta kibodi upande wake, akaweka mkoba katikati yetu, na hakunitazama. Mwalimu akatangaza kwamba kazi za kila wiki ni za wawili na alama ni moja kwa wote wawili. Nilimsikia mwenzangu akivuta pumzi kama mtu aliyetiwa maji baridi mgongoni.

Kwa wale wasiojua, nieleze kidogo. Ukurasa unaouona kwenye simu yako, nyuma yake kuna maandishi, na hayo ndiyo HTML. Kichwa cha habari, aya, picha, kila kitu unakifungua kwa alama na unakifunga kwa alama. Ukisahau kufunga, kinachofuata kinaharibika. Kichwa cha habari kinamwagika mpaka chini, ukurasa mzima unakuwa herufi kubwa kubwa kama tangazo la mkutano wa hadhara. Mie nilikuwa nikisahau kufunga kila siku, na hakuna wa kuniambia.

Wiki za mwanzo sikuigusa kibodi. Nilikuwa natazama vidole vya mtu mwingine. Wenzangu wakienda kula, mie ndiyo naingia kufanya mazoezi peke yangu, natazama kwenye ubao alichoandika mwalimu, nakiiga kama kasuku. Likaja jaribio la kila mtu peke yake, tutengeneze ukurasa wenye picha. Nikaweka picha za mikeka ya ukili, nikaupanga ukurasa ukapangika. Ulikuwa mzuri, wallahi. Nilijiona mtu.

Mwalimu akakusanya kazi kwa fleshi, akaziweka kwenye kompyuta yake, akazionyesha ukutani kwa projekta. Ya kwangu ikatokea. Maandishi yapo, lakini pale penye picha pana visanduku vitupu. Vyote vitupu, kimoja baada ya kimoja, na mwalimu anashuka chini ya ukurasa taratibu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hata picha zimemsusa."

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye alitabasamu, nilimuona. Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Sikurudi siku kadhaa. Baba kaniona nimekaa ukumbini, akasema, "Si nilikwambia?" akenda zake msikitini. Mama yangu hajui hata kuwasha kompyuta. Alikuja akakaa na mie mkekani, akaanza kuniuliza kama karani wa mahakama.

"Walikupiga?"

"Hapana, mama."

"Walikutoa mlangoni?"

"Hapana."

"Basi nani kakutoa?"

Swali lile likanitia hasira. Nikaoga, nikavaa baibui, nikarudi chuo na hasira zangu. Watu wanasema hasira haifai. Mie ilinifaa nauli.

Nilipokaa kwenye kiti changu, mwenzangu alikuwa kafura. Kumbe nilivyokosekana, kazi ya wiki ile ilipata alama mbovu, na alama mbovu zile ni zake pia. Lakini kuniambia hawezi, keshaapa hatanisemesha. Basi akaigeukia kompyuta.

"Wee kompyuta," akasema, "mwambie huyo aliyerudi kwamba kanishushia alama zangu. Na mwambie picha zake hazikuonekana kwa sababu kaziandikia njia ya kompyuta moja tu. Ukurasa ukihamishwa, utazitafuta picha pale pale zilipokuwa na hautaziona. Picha na ukurasa vikae folda moja, vihame pamoja."

Msicheke! Nyie nyote hapa mnaijua tabia hii, ndiyo yetu. Nani hapa hajawahi kumgombeza kuku ili mke mwenza asikie? Mie nikaona, hewaa, mlango umefunguka, hata kama umefunguliwa kwa teke. Nikaigeukia kompyuta na mie.

"Wee kompyuta, mwambie huyo aliyekukalia, nimesikia. Na mwambie asogee, nami nina mikono."

Akasogea. Kidogo, kama anasogea asikanyage kinyesi, lakini akasogea.

Tangu siku hiyo, kompyuta, maskini ya Mungu, ikawa mjumbe wetu. "Wee kompyuta, mwambie huyo hajafunga aya." "Mwambie nimeiona, haraka ya nini?" "Mwambie mtu mwenye akili haandiki vitu vyote mstari mmoja." "Mwambie mtu mwenye adabu hanyooshi kidole usoni mwa mwenzake." Hakunifundisha kwa kunipenda, ndugu zangu, na msije mkadhani. Alinifundisha kwa sababu alama ni moja. Alinifundisha kwa kejeli, kwa kubetua midomo, kwa kushusha pumzi kila nikikosea. Lakini alichonifundisha kilikuwa sawa. Hata siku moja hakunipa jambo la uongo ili nianguke, na nafasi alikuwa nayo kila siku.

Na mie nikapata langu. Yeye HTML alikuwa anaijua, lakini ikija CSS, ambayo ndiyo ya rangi, nafasi na mpangilio, kurasa zake zilikuwa zimebanana. Mie nimekua nikishona kofia na mama yangu, najua kitu kinataka kupumua. Nikawa namwambia, kwa kupitia mjumbe wetu, aache nafasi. Akawa anaacha.

Ikaja kazi ya mwisho. Kila wawili watengeneze tovuti nzima, na sisi tukapewa tovuti ya kikundi cha kubuni kinachouza mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Yeye akachukua maandishi na viungo vya kurasa, mie nikachukua mpangilio, menyu na rangi. Nikaanza na rangi. Karafuu, jani lake kijani. Nikaweka kijani juu.

Asubuhi yake akafungua, akarudi nyuma na kiti. "Wee kompyuta! Mwambie huyo asinitilie chama cha baba yake kwenye kazi yangu!"

"Mwambie karafuu ina majani. Majani yake rangi gani kwao?"

Akaifuta, akaweka rangi ya bendera yao. Nikaja, nikaifuta, nikarudisha majani yangu. Kesho yake akaifuta tena. Mie nawahi mapema, yeye anawahi zaidi. Tukashindana kuwahi chuoni kuliko mlinzi. Kuna watu duniani wanajifunza kutengeneza tovuti wakabishana ukurasa unachelewa kufunguka, ama maandishi ni madogo. Siye Wapemba tuligombea jani.

Mwalimu akaja kukagua, akakuta juu rangi ya kwangu na chini rangi ya kwake. Akapiga meza. "Hii ni tovuti ya mafuta au ya kampeni? Nyie watu mnanichosha! Wiki ijayo mnaionyesha mbele ya darasa, na ikiwa hivi, nawapa sifuri wote wawili."

Akaondoka. Sifuri ile kwangu ilikuwa ukumbi wa baba. Kwake sijui ilikuwa nini, hakuniambia, lakini alikuwa amejishika shavu. Siku zile alikuwa na jino linamuuma, anatafuna karafuu kila mara. Akatia mkono kwenye mkoba, akatoa chembe moja ya karafuu kavu, akaiweka juu ya kibodi.

"Mwambie huyo, rangi hiyo. Hiyo haina mwenyewe."

Nikaichukua, nikaishika karibu na kioo. Si nyeusi, si nyekundu. Niliitafuta rangi ile muda mrefu, naongeza, napunguza, mpaka ikakaa sawa na iliyo mkononi. Nikaisevu. Kesho yake nilipokuja, haikuguswa.

Lakini darasa nalo halikulala. Walikwenda kwa mwalimu wakalalamika kwamba kuna watu wanabebwa na wenzao. Mwalimu akatangaza utaratibu mpya. Siku ya kuonyesha, mtu akisema mwenzake hakufanya kazi, huyo mwenzake anatolewa kwenye kozi, na yeye anasahihishwa peke yake. Wote waligeuka wakanitazama mie. Jioni napita ukumbi wa chuo, nikawasikia wamemzunguka mwenzangu.

"Sema hakufanya," mmoja anamwambia. "Neno moja tu. Kaka yako kafanywa nini na baba yake? Umesahau?"

Yeye anafunga mkoba wake. Mie nikapita ukutani kama kivuli. Ndugu zangu, wakati ule nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na alikuwa hajafanya chochote. Nilimchukia kwa sababu nilijua ningekuwa mie, ningelisema hilo neno.

Siku ikafika. Tovuti yetu ikafunguka ukutani, picha zote zipo, menyu inafanya kazi, rangi ya karafuu kavu kutoka juu mpaka chini. Mwalimu akajikuna kidevu, akamgeukia mwenzangu.

"Kabla sijasahihisha. Kuna wanaosema kazi hii umefanya peke yako. Huyu kafanya nini?"

Nikautazama mlango. Nikasema moyoni, inna lillahi, mara ya pili hii.

Akanyanyuka. Akapanga mtandio wake kichwani, hana haraka.

"Mie na yuno hatusemezani, ticha, na leo hatutoanza," akasema. "Baba yake kamnyima kaka yangu haki yake, na mie sijasamehe. Lakini umeniuliza ushahidi. Rangi kafanya yeye. Mpangilio kafanya yeye. Menyu ilimkatalia, akairudia mpaka ikakubali, nami nimekaa pale nimeona. Nikisema hakufanya nitakuwa mwongo, na jawabu ya uongo huo nitakwenda kuitoa mie mbele ya Mungu, hawa hawatakuwapo."

Mtu nyuma akasema, "Umenunuliwa."

Akageuka. "Nimenunuliwa? Basi mwambieni sheha alete kitambulisho cha kaka yangu, maana bado sijalipwa."

Akakaa. Hakunitazama. Mwalimu akaniita mbele nieleze sehemu yangu. Mikono ilijua kazi yake. Nikaonyesha kila kitu nilichokiandika, hiki kinafanya nini, kile kimewekwa kwa sababu gani. Aliuliza maswali magumu, kwa ukali wake ule ule, na nilijibu. Tukapita wote wawili.

Nikamkimbilia nje. Nikamwambia, "Ahsante." Akaugeukia ukuta wa chuo, kompyuta haikuwapo tena.

"Wee ukuta, mwambie huyo asinizoee."

Akenda zake. Nikalia pale pale, tena nililia kwa hasira. Walionipenda walikuwa nyumbani na hawakuweza kunisaidia kitu. Aliyeweza kunimaliza kwa neno moja alikuwa adui yangu, na hakulisema.

Leo mnanijua. Natengeneza tovuti za nyumba za wageni na za wafanyabiashara, nafundisha wasichana pale pale nilipochekwa, mwanangu anasoma. Nyie wenyewe simu zikigoma mnakuja kwangu, mnanikuta nakunywa chai, na mnakaribishwa. Basi nashukuru. Namshukuru mama yangu kwa swali lake. Namshukuru binamu yangu aliyeniambia habari za chuo. Namshukuru mwalimu yule, japo alisema tunamchosha, na kweli tulimchosha. Na namshukuru mwanamke yule, ambaye shukrani zangu hazitaki.

Funzo langu si tamu. Sikuja kuwaambia tupendane, watu wazima hawapendani kwa kuamrishwa kwenye mkutano. Nasema mtu anaweza kukuchukia na asikudhulumu. Yeye alinichukia, akanipa haki yangu. Nyie ule mwaka hamkunichukia hata, wengi wenu hamkuwa na ugomvi na mie kabisa, na mkaninyima mkate. Pimeni wenyewe nani alikuwa na imani.

Na Bi Mwenyekiti, namaliza, usinyooshe mkono. Najua kinachofuata baada yangu. Mwanamke huyo huyo kaomba kuingia kwenye kikundi hiki, yuko nje anasubiri. Na najua mnayonong'onezana tangu asubuhi. Kaka yake kahama chama, kenda upande ule aliokuwako baba yangu, kwa hivyo dada mtu asipokewe. Nimemsikia mmoja wenu akisema asiuziwe hata samaki. Kahama kaka, je, yeye kahamia wapi? Kikundi kinataka mdhamini, na nimetazama huku na huku, hakuna aliyenyanyua mkono.

Mdhamini wake ni mie. Hatusemezani mpaka leo, na akisikia atakasirika, na akasirike. Andika jina langu, Bi Mwenyekiti, kisha mwite aingie. Atakayemsusa yeye anisuse na mie tena. Ila leo nimesimama hapa muda wote sikumtaja mtu, na safari hiyo atakayesusa nitamtaja kwa jina.